Kershaw na Hukumu ya Oktoba

Mipira miwili ilitosha. Usiku wa Oktoba 9, 2019, jijini Los Angeles, Clayton Kershaw wa Dodgers alimrushia Anthony Rendon mpira wa chini, karibu na magoti, na Rendon akauinua hadi nje ya uzio. Akafuata Juan Soto, kijana wa miaka 20. Mpira wa kwanza aliorushiwa aliutandika ukaenda kuangukia mbali katikati ya watazamaji. Dodgers walikuwa mbele 3-1. Sasa ni 3-3. Kocha akamwondoa Kershaw, naye akaenda kuketi peke yake kwenye benchi, kichwa kimeinama, huku kamera zikimganda. Katika raundi ya 10 Washington Nationals wakamaliza kazi, 7-3, na timu iliyokuwa imeshinda mechi 106 msimu ule ikarudi nyumbani. Alipokutana na waandishi, Kershaw hakujitetea. Alisema kwamba kwa wakati ule, yote ambayo watu wanasema juu yake kuhusu mechi za mtoano ni kweli.

Nadhani alijihukumu vibaya. Nadhani pia wengi waliomtetea tangu siku ile wamemtetea vibaya.

Kwa msomaji ambaye besiboli ameiona kwenye filamu tu, mambo yenyewe ni haya. Mrushaji husimama juu ya kichuguu, mita 18.4 kutoka kwa mpigaji, na mkononi ana mpira wa gramu 145 hivi. Mechi ina raundi 9, huongezwa ikiwa sare, na katika kila raundi timu huendelea kupiga hadi wapigaji wake watatu watolewe. Mrushaji anayeanza mechi hurusha mipira 100 hivi, kisha hupumzika siku nne wakati wenzake wanapokezana zamu. Kipimo chake kinachotajwa zaidi ni wastani wa mikimbio, yaani alama, anayoruhusu kwa kila raundi 9. Ukiwa chini ya 3, wewe ni bingwa. Ukivuka 4, wewe ni mtu wa kawaida.

Wastani wa Kershaw katika misimu 18, kuanzia 2008 hadi 2025, yote akiwa na Dodgers, ni 2.53. Tangu 1920 hakuna mrushaji wa kuanza mechi aliyedumu muda mrefu hivyo akawa na wastani mdogo kuliko huo. Alitwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi yake, mwaka 2011, 2013 na 2014, na mwaka huo wa 2014 akatwaa na ya mchezaji bora. Julai 2025 akawa mrushaji wa 20 katika historia kufikisha wapigaji 3,000 aliowatoa kwa straiki tatu. Mpira wake wa kupinda ulikuwa ukipaa juu usawa wa macho ya mpigaji, ukionekana umempotea, halafu ukaporomoka ghafla hadi kwenye glavu ya mdakaji. Ni katika vitu vya kupendeza zaidi nilivyowahi kuona katika mchezo wowote.

Kisha inakuja Oktoba, mwezi wa mtoano. Hadi mwisho wa 2023, Kershaw wa Oktoba alikuwa na ushindi 13, vipigo 13, na wastani wa 4.49.

Mtu akiziona nambari hizo mbili, 2.53 na 4.49, jibu humjia haraka mno: anaogopa. Mechi ikiwa kubwa, moyo unampungua. Shutuma hiyo imemfuata kwa zaidi ya miaka kumi, vijiweni na redioni, na imesemwa hata na watu wanaoujua mchezo huu vizuri. Ndiyo inayonikera. Nambari naikubali. Ninachokataa ni watu kuitazama nambari kisha wakadai wameuona moyo wa mtu.

Tuanze na ukubwa wa kazi yenyewe. Ile 4.49 imetoka katika raundi 194. Mwaka 2015 peke yake, kuanzia Aprili hadi mapema Oktoba, Kershaw alirusha raundi 232. Yaani Oktoba zake zote za miaka 15 hazijatimia msimu mmoja wa kazi yake, nazo zimekatwa vipandevipande: mechi moja hapa, mbili pale, nyingine baada ya mwaka mzima, dhidi ya timu ambazo zote zimefika hapo kwa sababu ni bora. Katika wingi huo mdogo, usiku mmoja mbaya una uzito wa kutisha. Zipo siku nne zinazojulikana: St. Louis mwaka 2013, mikimbio 7. Los Angeles mwaka 2014, mikimbio 8. Houston mwaka 2017, mikimbio 6. Na Arizona walipokuja mwaka 2023, mikimbio 6 huku akimtoa mpigaji mmoja tu. Ziondoe hizo nne na wastani wake unashuka hadi 3.5 hivi.

Lakini siruhusiwi kuziondoa, na hapa ndipo ninapoachana na watetezi wake. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mtu yeyote ukimfutia siku zake nne mbaya kuliko zote ataonekana malaika. Siku hizo zilikuwepo, na timu yake ilifungwa katika zote nne. Tena hata baada ya kuzifuta, 3.5 bado iko mbali na 2.53. Kuna kitu kilitokea Oktoba. Swali ni kitu gani, na ni cha nani.

Nimeurudia mara nyingi ule usiku wa Oktoba 3, 2014, kwa sababu umebeba karibu kila kitu. Kershaw alikuwa ametoka katika msimu wa ushindi 21 na vipigo 3, na wastani wa 1.77. Cardinals wa St. Louis walipata mikimbio miwili, kila mmoja kwa pigo la kuvuka uzio, na kati ya mapigo hayo mawili hakuna aliyeweza hata kuifikia besi. Raundi ya saba inaanza, Dodgers wako mbele 6-2, na ukitazama uso wa Kershaw huoni dalili yoyote. Matt Holliday anapiga, anafika besi ya kwanza. Jhonny Peralta anafuata. Yadier Molina anafuata. Hakuna aliyeupiga mpira mbali. Ni mapigo mafupi yanayoangukia mahali pasipo mtu, na besi zote zimejaa. Matt Adams anapiga, 6-3. Kershaw anamtoa mmoja kwa straiki. Jon Jay anapiga, 6-4. Kershaw anamtoa mwingine kwa straiki. Amebaki mmoja tu ili raundi iishe. Anakuja Matt Carpenter, mtu yule yule aliyemng'ang'ania kwa mipira 11 mwaka uliotangulia hadi akapata pigo zuri, na besi bado zimejaa. Carpenter anaupeleka mpira ukutani. Wakimbiaji wote watatu wanaingia. Saba kwa sita.

Hapo ndipo kocha Don Mattingly alipoinuka kumchukua. Carpenter alikuwa amebaki besi ya pili. Akaingia Pedro Baez, akampa mmoja besi ya bure, kisha Holliday, aliyerudi kupiga kwa mara ya pili katika raundi ile ile, akautoa mpira nje ya uwanja. Kwa kanuni za besiboli, mkimbio wa Carpenter uliandikwa kwa Kershaw, kwa kuwa ndiye aliyemruhusu kufika besi, ingawa pigo lililomrudisha nyumbani lilitoka kwenye mkono wa mwingine. Ndio huo mkimbio wa nane. Dodgers walilala 10-9.

Nani alishindwa usiku ule? Kershaw alishindwa. Aliruhusu mapigo sita katika raundi moja na akakosa mpira mmoja wa kuifunga. Lakini nataka msomaji aitazame raundi hiyo kutoka upande wa benchi. Wapigaji wanamwona mrushaji kwa mara ya tatu usiku huo. Ni jambo linalojulikana na lililopimwa kwa miaka mingi kwamba wapigaji humwelewa zaidi mrushaji kila wanaporudi kwake. Jicho limeshauzoea mkono, na mkono wenyewe umeshachoka. Amevuka mipira 100. Mapigo matano yameingia. Mrushaji mwingine yeyote wa timu ile angeondolewa baada ya la tatu au la nne. Kershaw aliachwa kwa sababu alikuwa Kershaw, kwa sababu kocha aliamini kwamba Kershaw aliyechoka ni bora kuliko mwingine yeyote aliye mzima. Siku nne baadaye, St. Louis, aliletwa tena akiwa amepumzika siku tatu tu badala ya nne. Kwa raundi sita alikuwa ameruhusu pigo moja. Raundi ya saba, tena ya saba, wawili wakafika besi, na Matt Adams akautoa nje mpira wa kupinda. Tatu kwa mbili, msimu umekwisha.

Mwaka 2015, ufunguzi dhidi ya Mets wa New York, besi zimejaa katika raundi ile ile ya saba, Kershaw anaondolewa, na mrithi wake anaruhusu wawili kati ya wakimbiaji hao kuingia. Wote wawili wakaandikwa kwake. Siku nne baadaye, New York, akiwa na mapumziko mafupi tena, akarusha raundi saba kwa mkimbio mmoja akaiokoa timu isitolewe. Hiyo ya pili sijawahi kuisikia ikitajwa na wale wanaomwita mwoga.

Halafu kuna Washington, Oktoba 13, 2016. Alikuwa ameanza mechi siku mbili kabla. Dodgers wako mbele 4-3, raundi ya tisa, wakimbiaji wawili kwenye besi, mrushaji mwenzake Kenley Jansen ameshatupa mipira 51, na mlango wa warushaji wa akiba unafunguka: anayetoka ni Kershaw. Mpigaji wa kwanza ni Daniel Murphy, aliyekuwa akiwaka moto mwaka ule. Murphy akaupiga mpira juu, ukadakwa kirahisi. Aliyefuata akakosa mpira wa kupinda, na mechi ikaisha. Mtu ambaye moyo unampungua Oktoba haombi kuingia pale. Aliye na hofu husema mkono unauma, na hakuna ambaye angemlaumu.

Hili la kuachwa muda mrefu na kuitwa mapema ndilo ninaloliona kuwa kiini. Lile tukio la 2019 nililoanza nalo halina tofauti. Kershaw aliingia kumalizia raundi ya saba, akamtoa Adam Eaton kwa mipira mitatu. Kazi aliyoitiwa ikawa imekwisha. Kocha Dave Roberts akamrudisha raundi ya nane kwa Rendon na Soto, wapigaji wawili hatari kuliko wote wa Washington. Baada ya mikimbio ile miwili akaingia Kenta Maeda na kuwatoa watatu mfululizo kwa straiki. Maeda alikuwepo muda wote. Na mikimbio minne iliyoimaliza timu katika raundi ya 10 ilitoka kwa Joe Kelly, si kwa Kershaw. Waulize watu leo nani aliipoteza mechi ile.

Wapenzi wa soka wanalijua jambo hili. Roberto Baggio alikosa penalti ya mwisho ya fainali ya Kombe la Dunia, Julai 17, 1994, katika uwanja wa Rose Bowl, Pasadena, si mbali na uwanja huo wa Dodgers. Baresi na Massaro nao walikosa siku ile. Bila mabao matano ya Baggio katika mechi za mtoano, Italia isingeiona fainali. Lakini picha iliyobaki ni ya mtu mmoja aliyeinamisha kichwa mbele ya lango.

Kuhusu Houston 2017 nataka kuwa mwangalifu. Katika mechi ya kwanza ya World Series, yaani fainali, ya mwaka ule, Los Angeles, joto likiwa karibu nyuzi 39, Kershaw aliwatoa wapigaji 11 kwa straiki, hakumpa yeyote besi ya bure, akaruhusu mkimbio mmoja tu. Siku tano baadaye, Houston, akapewa uongozi wa 4-0 na ukamponyoka. Dodgers walifungwa 13-12. Januari 2020 uongozi wa ligi ulitangaza matokeo ya uchunguzi wake: mwaka 2017 Astros wa Houston walitumia kamera kuiba ishara za mdakaji wakiwa uwanjani kwao, na waligonga pipa la taka kumjulisha mpigaji aina ya mpira unaokuja. Meneja mkuu na kocha walifungiwa, na klabu ikatozwa faini ya dola milioni 5. Mrushaji anayeishi kwa kumdanganya mpigaji kati ya mpira wa kasi na wa kuteleza, akifichuliwa, hana silaha. Siwezi kugawa mikimbio ile sita na kusema huu ni wa pipa na huu ni wa Kershaw. Ninachosema ni kwamba mwenye kuutumia usiku ule kama ushahidi wa udhaifu wake anatumia ushahidi ulioharibiwa. Na katika mechi ya saba, siku tatu tu baadaye, Kershaw aliingia akarusha raundi nne bila kuruhusu mkimbio hata mmoja, wakati mechi ilikuwa imeshapotea.

Lakini St. Louis 2013 hakukuwa na pipa wala mapumziko mafupi, na kocha hakukosea. Cardinals walimpiga tu. Milwaukee 2018 hakumaliza hata raundi nne. Fainali ya mwaka huo, Boston walimpiga mara mbili. Nimewasikia wapenzi wa Dodgers wakitafuta sababu kwa kila mojawapo ya siku hizi, na naona wanamvunjia heshima bila kukusudia, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kuzitafuta. Hata lile balaa la Arizona 2023, alilolicheza na bega ambalo wiki chache baadaye lilifanyiwa upasuaji, hakulisingizia bega.

Huko Los Angeles Kershaw hulinganishwa daima na Sandy Koufax, naye wa mkono wa kushoto, naye wa Dodgers. Wastani wa Koufax katika World Series ni 0.95. Mwaka 1965, akiwa na mapumziko ya siku mbili, aliifunga mechi ya saba peke yake, 2-0. Sina neno juu ya ukuu huo. Ila enzi zake bingwa wa ligi alikwenda fainali moja kwa moja. Hapakuwa na hatua za mtoano kabla yake hadi 1969. Koufax alirusha raundi 57 za fainali katika maisha yake yote, chini ya theluthi moja ya zile za Oktoba za Kershaw. Kershaw alifika Oktoba karibu kila mwaka, na kila alipofika aliwekewa mzigo ule ule. Wengi waliosifiwa kwa kutoanguka hawakupanda ngazi hiyo mara nyingi hivyo.

Mwaka 2020 Dodgers walitwaa ubingwa. Kershaw alishinda mechi mbili za fainali dhidi ya Tampa Bay, huko Arlington, Texas, jimbo alikozaliwa. Kesho yake watu walewale walianza kusema kwamba amejisafisha, amewanyamazisha wote. Nilifurahi kumwona akishangilia, na hukumu ile niliikataa. Pete haifuti raundi ya saba ya 2014. Na kama ilikuwa haki kumwita mwoga mwaka 2019, moyo wake haukupata dawa ndani ya miezi 12. Kilichobadilika ni kwamba safari hii alirusha raundi tano au sita kisha akapumzishwa, na waliompokea wakaifanya kazi yao. Mwaka 2024 alipata pete ya pili bila kurusha mpira hata mmoja wa mtoano, kwa kuwa alikuwa majeruhi. Je, hiyo nayo ilimsafisha?

Mara ya mwisho kumwona kichuguuni akiwa na Dodgers ilikuwa Oktoba 27, 2025, mechi ya tatu ya World Series dhidi ya Toronto. Alikuwa na miaka 37 na alishatangaza kustaafu. Wiki chache kabla, Philadelphia walikuwa wamempiga vibaya, na wastani wake wa Oktoba ukapanda zaidi. Raundi ya 12, sare ya 5-5, besi zote zimejaa, wawili wametolewa. Nathan Lukes akamvumilia hadi Kershaw akawa hana tena nafasi ya kukosea. Mpira ukimpita nje, Toronto wanaongoza. Lukes akaupiga taratibu chini, ukadakwa, akatolewa besi ya kwanza. Mechi ikaendelea hadi raundi ya 18, na Dodgers wakashinda 6-5.

Hukumu yangu ni hii. Katika misimu ya kawaida Clayton Kershaw alikuwa mrushaji bora wa kizazi chake. Oktoba alikuwa mrushaji mzuri, si bora. Alikuwa na siku kuu kadhaa na siku mbovu kadhaa, na zile mbovu ni zake. Baadhi ya mikimbio iliyoandikwa kwa jina lake ni deni la makocha walioshindwa kumpumzisha na warushaji walioshindwa kumsaidia, na sehemu ya Houston ni deni la Houston. Shutuma ya woga haina ushahidi hata mmoja, na walioitoa wanadaiwa kuiondoa. Ukikaa kutazama mtoano wa mwaka wowote, ambao kwetu Afrika Mashariki huja usiku wa manane, mtazame nyota anapofika raundi ya saba akiwa amechoka, kisha geuza jicho benchini uone ni nani anayemwacha pale.